Kabali ya Masele

Masele alikuwa nsumba ntale wa makuli wa pamba pale Bariadi kwa miaka minane, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumuuliza kama anajua kupigana. Hakukuwa na haja. Shingo yake ilikuwa pana kuliko kichwa, na alikuwa anabeba gunia begani huku anasimulia habari za jana bila kuhema. Nsumba ntale ni mkubwa wa kundi la kazi. Kijijini ndiye anayepanga leo tunalima kwa nani, na pale ghalani ndiye anayepanga nani apande juu ya lori apate hewa na nani abaki chini ale vumbi. Hateuliwi na ofisi. Wenzake wanamchagua, na wenzake hao hao wanaweza kumvua. Masele hakuwa na shamba la maana wala ng'ombe wa kutajwa. Alikuwa na cheo hicho, basi.

Mambo yalianza kuharibika mwaka wa tatu tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba. Kabla ya hapo chama cha ushirika ndicho kilichonunua peke yake, na kuli alibeba kwa mwendo wa chama, yaani polepole. Sasa yakaja malori mapya na watu wapya, na vitu vya madukani ambavyo tulikuwa tunavisikia tu. Uledi, mwenye duka la vitambaa, akaleta televisheni na deki kutoka Mwanza, akaweka jenereta nyuma ya duka, akapanga mabenchi kwenye ua wake na kuezeka turubai. Kila saa tisa mchana alionyesha picha. Watu wakazoea Wahindi wanaoimba na Wachina wanaoruka juu ya mapaa.

Siku moja Uledi akaweka kanda isiyo na jina. Ndani yake kulikuwa na tundu kubwa la waya, kama la kuku, na ndani ya tundu wanaume wawili. Hawakuimba wala kuruka. Walipigana ngumi, mateke, viwiko, wakaangushana, wakakabana chini. Hapakuwa na kamba za ulingo wala glavu nene. Mmoja akichoka kuumia alipiga kofi sakafuni mara kadhaa, mwamuzi akaingia, yakaisha.

"Hizi ni ngumi za tunduni," Uledi akatangaza, maana alipenda kueleza picha hata asizozielewa. "Kila mchezo ruhusa. Marufuku matatu tu: kung'ata, kutia kidole jichoni, na kule kwa heshima."

Makuli waliojaa mabenchi wakasogea mbele. Kisha akaingia jitu moja la kutisha kupambana na mtu mfupi mwenye kipara. Jitu likamwangusha yule mfupi, likamlalia. Watu wakaanza kumwonea huruma. Lakini mfupi, akiwa chini vile vile, alilizungushia jitu miguu kiunoni na mkono shingoni, akatulia kama mtu anayesubiri chai ichemke. Baada ya muda jitu likapiga kofi sakafuni.

"Amehongwa," makuli wakasema kwa pamoja.

Masele hakusema hivyo. Kilichomshika hakikuwa kushinda kwa yule mfupi. Ni kile kilichofuata: jitu lilinyanyuka, likamkumbatia aliyemshinda, wakacheka pamoja. Masele alijua watu wa Bariadi waliopigana ngumi moja ya pombeni zamani za mkoloni na mpaka sasa wajukuu wao hawasalimiani. Alirudi nyumbani anawaza kwamba kumbe mtu anaweza kusema "basi" na akabaki mtu.

Kesho yake ghalani hakukuwa na habari nyingine. Na hapo ndipo Selestini alipopata mdomo.

Selestini alikuja na wanunuzi wapya kutoka Mwanza. Alikuwa na miaka ishirini na sita, amepita JKT, na alisema amejifunza karate mwaka mzima kwenye ukumbi fulani. Kila asubuhi kabla ya kazi alirusha teke hewani ili tuone nyayo zake.

"Kaka mkubwa," akamwambia Masele mbele ya watu wote, "wewe una nguvu, sikatai. Hata punda ana nguvu. Lakini umewahi kuona punda anaingia tunduni?"

"Sijamwona. Ila nimemwona anampiga mtu teke akafa," Masele akajibu.

Watu wakacheka, na ingeishia hapo. Lakini Selestini hakutaka kicheko, alitaka kundi. "Nchi imebadilika," akasema. "Mnunuzi anataka lori lijae kabla ya adhuhuri. Mnaongozwa na mtu wa enzi za ushirika. Mkubwa wa kundi anatakiwa awe yule asiyeweza kuangushwa. Mimi namwita huyu mzee wetu tunduni. Akinishinda, nanyamaza. Nikimshinda, nachukua kundi."

Nusu ya makuli wakatazama chini. Masele akaona kwamba nusu ile ilikwisha kuzungumza na Selestini. Akikataa, watamvua kesho kwa maneno, na kuvuliwa kwa maneno ni kubaya kuliko kupigwa.

"Jumapili ijayo," akasema. "Tafuta tundu."

Tundu alilitafuta Uledi, ambaye alisikia habari hiyo kabla haijamaliza kusemwa. Aliomba zizi la mnada wa ng'ombe, lile la magogo ya mviringo ambamo ng'ombe hufungiwa kabla ya kunadiwa. Jumapili hakuna mnada. Magogo ni marefu, mtu anaweza kukaa juu yake akaning'iniza miguu. "Lina harufu kidogo," Uledi akasema, "lakini na wao watakuwa nayo."

Masele alikuwa na wiki moja. Jumatatu alfajiri alikimbia kutoka kwake mpaka mtoni, na hapo ndipo alipogundua jambo lililomtia hofu: pumzi ilimwishia njiani, mahali ambapo vikongwe wanaoteka maji walikuwa wakipita bila shida. Alikaa juu ya jiwe. Miaka minane ya kubeba ilikuwa imempa mgongo, shingo na mapaja, lakini kuli hubeba hatua thelathini, hutua, hupumzika. Hakuna aliyewahi kumdai pumzi ya dakika kumi.

Akaenda kwa Uledi asubuhi ile ile, duka likiwa bado linafagiliwa.

"Niwekee ile kanda. Ya yule kipara."

"Bure?" Uledi akauliza, kisha akajijibu mwenyewe. "Haya, bure. Sitaki watu walipe halafu wewe ulale chali baada ya dakika moja. Nina heshima yangu hapa mjini."

Aliitazama mara sita. Aliona kwamba mfupi hakushindana na nguvu za jitu. Alimvuta karibu, akamnyima nafasi ya kurusha mkono, akasubiri. Mkono mmoja unapita nyuma ya shingo na kurudi chini ya kidevu, mkono wa pili unakamata kifundo cha ule wa kwanza, miguu inafunga kiuno. Basi. Kazi yote ni kukubali kulala chali, chini ya mwanaume mwenzako, mbele za watu, na usione haya. Hapo Masele akatokwa na jasho zaidi kuliko alipokimbia.

Angefanya mazoezi na nani? Makuli wangemcheka, na nusu yao wangempelekea Selestini habari. Akarudi nyumbani, akamwambia mkewe.

"Monika, nataka unilalie kifuani halafu unipige."

Monika aliacha kupembua choroko. "Baba Kulwa, umeumwa lini?"

Akamweleza. Monika akasikiliza mpaka mwisho, akafunga khanga kiunoni kwa mafundo mawili, akasema, "Nipige kweli au nipige kwa kusingizia?"

"Kweli kidogo."

Alipiga kweli sana. Walikuwa na miaka kumi na mitano ya ndoa, na inaonekana kulikuwa na mambo. Kila jioni walikwenda nyuma ya nyumba, Masele akalala chali kwenye mchanga, Monika akamkalia na kumshindilia ngumi za mbavu, naye anajaribu kumvuta na kufunga mkono. Siku ya kwanza hakuweza hata mara moja. Siku ya pili Monika alimwingiza kiwiko puani. Siku ya nne Monika alikuwa anamaliza kazi zake mapema na kumwita mwenyewe, "Baba Kulwa, saa imefika." Siku ya tano Masele alimfunga kabali vizuri, polepole, na Monika akapiga kofi mchangani mara tatu. Kisha wakacheka, kama wale wa kwenye kanda.

Ila ua wao ulikuwa wa mabua, na mabua yana macho. Jirani mmoja aliona mwanamke amemkalia mumewe anamtwanga. Mwingine aliona mume amemkaba mkewe shingo. Wote wawili walisema walichoona, na hakuna aliyesema uongo. Habari ikapanda lori la mahindi, ikafika Nyalikungu, upande wa Maswa, kwa mama yake Monika, ambaye watu wanamwita Ng'wana Shigela kwa jina la baba yake. Ilifika hivi: Masele na Monika wanauana kila jua likizama.

Jumapili ilipofika Masele hakujua lolote kuhusu hilo. Aliingia zizini saa tisa akiwa na kaptula ya kaki na kifua wazi. Juu ya magogo walikaa makuli, wauza nyama, wanawake wa sokoni, na watu waliotoka Lamadi na samaki wao wakaamua samaki wasubiri. Uledi alikuwa mwamuzi, amevaa shati jeupe ambalo alilijutia baadaye. Chini, mvua ya juzi na ng'ombe wa juzi walikuwa wamechanganyika vizuri.

"Marufuku matatu," Uledi akatangaza. "Kung'ata, jicho, na kule kwa heshima. Mtu akipiga kofi, mwenzake anaachia. Haya."

Selestini alianza kwa teke, na lazima isemwe, teke lake lilikuwa zuri. Lilimpata Masele pajani, likasikika mpaka nje. La pili likatua pale pale. Masele alirusha ngumi moja ambayo ingeweza kumlaza fahali, lakini ilipita hewani, na alipoirudisha alikuta ameshapigwa mbili mdomoni.

"Mzee, gunia liko huku," Selestini akasema.

"Mpakie, mpakie," wakaimba wale wa upande wake.

Dakika ya tatu Masele alisikia kifua chake kinapiga filimbi. Paja la kushoto halikuwa lake tena. Akaelewa kwamba akisimama dakika nyingine moja ataangushwa kama mti, na kesho atakuwa chini ya lori anakula vumbi huku Selestini yuko juu anampangia. Basi teke lililofuata hakulikwepa. Alilikumbatia. Akang'ang'ania mguu ule, wakayumba wote wawili, wakaanguka kwenye uchafu, Selestini juu, Masele chini.

Wale wa upande wa Selestini wakashangilia, maana mtu wa Bariadi anajua aliye chini ameshindwa. Masele alizungusha miguu kiunoni mwa kijana. Akamvuta. Ngumi zikamshukia mbavuni, lakini zilikuwa ngumi za karibu, hazina safari, na kusema kweli Monika alikuwa anapiga vibaya zaidi. Mkono wake ukapita nyuma ya shingo ya Selestini. Ulikuwa umejaa matope ya mnada na ukateleza. Akajaribu tena, ukateleza tena. Selestini akaanza kuchomoa kichwa, na Masele akajua kikitoka kile kichwa hakitarudi.

Hapo ndipo kelele za juu ya magogo zilipokatika upande mmoja, na sauti ya mwanamke ikauliza, taratibu kabisa, "Huyo anayekula mavi ya ng'ombe ndiye mkwe wangu?"

Usukumani mwanaume na mama mkwe wake hawaangaliani. Akimwona njiani anaacha njia na kuingia majanini. Hawali sahani moja, hawapeani mkono, na kama kuna neno la kuambiana wanampa mtu wa tatu alipeleke. Kuonwa naye kifua wazi ni aibu inayolipwa mbuzi. Kuonwa naye umelala chali, kaptula imeshuka, umemkumbatia mwanaume kwa miguu, hiyo bei yake hakuna aliyewahi kuipanga kwa sababu hakuna aliyewahi kuifanya.

Masele hakufikiria kundi wala Selestini wala lori. Alifikiria kitu kimoja, ajifunike. Na katika zizi lile hapakuwa na kitu cha kujifunika isipokuwa Selestini.

Alimvuta juu yake kama mtu anavyovuta blanketi. Akaficha uso kwenye bega la kijana, akamkaza kwa mikono yote miwili asije akateleza akamwacha wazi, akafunga miguu. Selestini alijaribu kusogea kushoto, Masele akamrudisha, kwa sababu kushoto ndiko mkwe alikokuwa. Akajaribu kuinuka, Masele akakaza zaidi. Mkono uliokuwa unateleza muda wote ukapata mahali pake chini ya kidevu, na mwenye mkono hata hakujua.

Selestini akapiga kofi kwenye matope. Akapiga mbavu za Masele. Akapiga mgongo, paja, kila alipofikia.

"Ameomba basi, ameshindwa, mwache," Uledi akapiga kelele, ameshika mkono wa Masele kwa mikono miwili na shati lake halikuwa jeupe tena. "Masele. Mtu amepiga kofi."

"Ameondoka?" Masele akanong'ona.

"Nani?"

"Mkwe."

Uledi akatazama juu. "Yuko hapo hapo."

"Basi mwambie ageuke. Ndipo nitamwachia huyu."

Uso wa Selestini ulikuwa umebadilika rangi. Uledi akakimbia mpaka kwenye magogo, akainama, akamwamkia kwa adabu. "Mwadila, mayu. Samahani sana. Mkweo anaomba ugeuke, mtu asife."

Ng'wana Shigela akageuza mgongo, akajifunika khanga kichwani. Masele akaachia. Selestini akabiringika pembeni, anavuta hewa kama jenereta iliyokataa kuwaka. Mtu akarusha shati, Masele akalivaa haraka, likiwa la mtu mdogo kuliko yeye.

Kelele zilizofuata hazikuwa za ushindi, zilikuwa za ubishi. Wale wa Selestini wakashuka zizini. Wakasema mtu wao alipiga kofi mara sita na hakuachiwa. Wakasema hiyo ni marufuku ya nne, na aliyevunja sheria ameshindwa. Wale wa Masele wakasema kofi ni kofi. Uledi akasimama katikati, anafuta matope usoni, anahesabu tena marufuku yake matatu kwa vidole.

"Monika yuko wapi?" Ng'wana Shigela akauliza, mgongo ukiwa bado umegeuka.

Monika akasogea, akapiga magoti, akaamkia.

"Nimetoka Nyalikungu kuja kukuchukua. Nimeambiwa mnapigana kila jioni."

"Tulikuwa tunafanya mazoezi, mama."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukabana."

Waliokaa juu ya magogo wakainama mbele wasikilize.

"Na nani alikuwa anashinda?"

"Mimi, mama. Isipokuwa Ijumaa."

Watu wakacheka mpaka muuza nyama mmoja akaanguka kutoka juu ya gogo. Mabega ya Ng'wana Shigela yakatikisika chini ya khanga, lakini alipozungumza sauti ilikuwa kavu. "Hawa wanaogombana hapo wanagombea nini?"

"Mama, wanagombea ukubwa wa makuli. Baba Kulwa alishinda, ila huyu kijana aliomba basi na hakusikiwa."

"Muulize huyo kijana. Aliomba basi, au hakuomba?"

Monika akageuka. Kila mtu akageuka. Selestini alikuwa amekaa kwenye matope, ameshika shingo. Angeweza kukataa. Wenzake walikuwa wanamkonyeza akatae. Akawatazama, akamtazama Masele aliyesimama na shati linalomkaba, hajainua macho.

"Niliomba," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Mara sita."

"Basi huyo ni mtu mzima," Ng'wana Shigela akasema. "Na mwambieni mume wa Monika kwamba mimi sikuona kitu. Lakini mbuzi namtaka."

Akaondoka bila kugeuka, na Monika nyuma yake amembebea mkoba.

Usiku huo Monika alirudi kutoka kumsindikiza mama yake, na Masele akalala anajikanda paja. Alijua jambo ambalo watu hawakulijua, kwamba kabali ile hakuifunga kwa ujuzi. Kanda mara sita na Monika siku tano vilimfikisha mpaka mlangoni. Aliyemsukuma ndani ni woga. Akafikiri pengine hata yule mfupi wa kipara alikuwa na mtu jukwaani.

Jumatatu ghalani malori mawili yalikuwa yanasubiri. Makuli walisimama makundi mawili kama wiki iliyopita, wanamsubiri mmoja aanze. Selestini akatoka kwenye kundi lake, shingo ina alama nyekundu kama ya kamba ya ndama, akaja mpaka mbele ya Masele.

"Mwangaluka, nsumba ntale," akasema. Aliamkia kwa Kisukuma chake kibovu cha Mwanza, lakini aliamkia mbele ya watu.

"Mwangaluka. Leo panda juu ya lori," Masele akamwambia. "Shingo hiyo haifai kubeba."

Makundi yakawa moja, kazi ikaanza. Mchana, walipokaa kivulini kula, Selestini akasogea na bakuli lake.

"Kaka mkubwa, nifundishe ile."

"Ipi?"

"Ya mwisho. Nilikuwa nimeshatoa kichwa, najua nilikuwa nimekitoa. Halafu ukaja na nguvu sijui ulizihifadhi wapi. Nikajiuliza, huyu mzee alikuwa ananichezea muda wote?"

Masele akatafuna polepole. Angeweza kusema ndiyo, na angekuwa mkubwa mpaka anazeeka.

"Ile haifundishiki kwa kapera," akasema.

"Kwa nini?"

"Inataka mama mkwe."

Selestini akamtazama kuona kama anacheka. Hakuwa anacheka. Kijana akala matonge mawili, akafikiri, kisha akauliza kama mtu anayeuliza bei ya kiatu.

"Huko Nyalikungu, Monika ana mdogo wake?"

"Anao wawili."

"Na yule mama ni mkali hivyo kila siku?"

"Jana alikuwa amepoa."

Selestini akaweka bakuli chini, akajishika shingo. "Basi nipeleke," akasema. "Ila nikishapata mkwe, tunarudi zizini."